Safari ya Meli na Mlango wa Kioo

Wasomaji wapenzi wa ukurasa huu wa nyumbani, mara nyingi tumeshauriana hapa juu ya mapishi, malezi ya watoto na usafi wa ua. Leo naomba ruhusa nizungumzie jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja, nalo ni mlango wa choo na bafu. Sikulichagua kwa hiari yangu. Lilinikuta baharini, mbali na kwetu, nikiwa na mama mkwe wangu, na tangu siku ile limekataa kunitoka moyoni.

Mimi ni mtumishi wa serikali hapa Bujumbura. Nilisomea ualimu, nikapata cheti, nikafundisha shule ya msingi kwa miaka sita, kisha nikahamishiwa ofisini, ambako kazi yangu ni kupokea na kuhakiki taarifa za majengo ya shule. Tunakaa Buyenzi, na mama mkwe anakaa nasi. Mwaka 2023 shemeji yangu mkubwa, ambaye ana kazi na familia yake huko Lyon, Ufaransa, alimwalika mama yake akawaone wajukuu. Kwa kuwa umri wake unakaribia miaka sabini na magoti yake si ya kutegemewa, ilibidi apate mtu wa kumsindikiza, na kura ikaniangukia mimi.

Tulipofika, shemeji akatupasha habari ya furaha. Alikuwa amejinyima miezi mingi ili atupeleke sote katika meli ya matembezi, siku saba katika Bahari ya Kati, kuanzia bandari ya Marseille. Yeye, mkewe na watoto wangelala chumba kimoja. Mimi na mama mkwe tungelala kingine, katika ujia uleule. Jina la meli silitaji, wala kampuni yake, maana sikuja hapa kushitaki mtu.

Tulipanda Jumapili mchana. Sijawahi kuona chombo kama kile: maduka, mabwawa ya kuogelea, ngazi zenye vioo na taa kama harusi. Mtumishi wa vyumba akatufungulia, akatukaribisha kwa adabu, akaenda zake. Chumba kilikuwa kidogo lakini kizuri, chenye vitanda viwili vilivyotengana kwa hatua moja. Ndipo nikaona lile lililofuata kututesa. Kiambaza kilichotenga vitanda na bafu hakikuwa cha mbao wala cha chuma. Kilikuwa cha kioo. Sehemu ya katikati tu ndiyo iliyotiwa ukungu. Juu na chini kilikuwa cheupe, macho yanapita. Mlango wake nao ulikuwa wa kioo, wa kusukumwa pembeni, na haukuwa na komeo. Humo ndani mlikuwa na choo, beseni la kunawia na bomba la mvua, vyote katika eneo lisilomtosha mtu kunyosha mikono.

Mama mkwe alisimama katikati ya chumba akakitazama kile kioo, kisha akanigeukia. "Mama Asha," akasema, "mlango wa choo uko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Hilo ni dirisha," akasema, akaketi kitandani bila kuvua viatu.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa uzito wa jambo lile. Mkwe ni mtu wa kusitiriwa. Miaka kumi na mbili tumeishi nyumba moja, na sijapata kumwona bila kitambaa kichwani. Naye hajapata kuingia chumbani kwangu bila kubisha hodi na kungoja nimwitikie. Heshima yetu imejengwa juu ya hodi ile. Hapa tulitakiwa tulale hatua moja kutoka mahali ambapo taa ikiwashwa usiku, kivuli cha mtu huonekana kiooni wazi kama picha za sinema, anavyoinama na anavyoinuka.

Baadaye nilijaribu kuelewa sababu za watu wenye akili kubuni kitu kama kile, nikaona si ujinga wala utovu wa adabu. Chumba cha kawaida katika meli kubwa aghalabu huwa na mita za mraba 15 hadi 17, pamoja na bafu lake. Mabafu yenyewe hayajengwi melini tofali kwa tofali. Huundwa kiwandani yakiwa kamili, pamoja na mabomba yake, kisha huingizwa melini kama makasha na kuunganishwa. Choo hakitumii maji mengi kama vyoo vyetu vya kuvuta, ambavyo huweza kumwaga lita sita hadi tisa. Hutumia kama lita moja tu, kisha nguvu ya hewa hufyonza kilichomo kwa mlio mkali unaosikika chumba kizima. Kila kipimo ni haba. Mchoraji anayetaka chumba kionekane kikubwa, au mwanga wa dirisha ufike hadi bafuni, huona kioo ni msaada. Wala hakosei katika hesabu zake za nafasi. Anachosahau ni kwamba si kila wawili wanaolala chumba kimoja ni mtu na mkewe.

Wala si meli moja tu iliyowahi kujaribu mambo hayo. Meli iitwayo Norwegian Epic, iliyoundwa Saint-Nazaire nchini Ufaransa na kuanza kazi mwaka 2010, huchukua abiria wapatao 4,100 wakiwa wawili wawili vyumbani. Katika vyumba vyake vingi, vyenye kuta za kupinda, bafu liligawanywa vipande: choo upande mmoja, bomba la mvua upande wa pili, vyote karibu na mlango wa kuingilia, na milango yake ni ya kioo cha ukungu, beseni la kunawia likawekwa nje kabisa, chumbani. Nia ilikuwa njema, kwamba mmoja akioga, mwingine aweze kutumia choo, na wa tatu anawe uso. Lakini abiria wengi walilalamika kuwa wamevuliwa faragha. Kampuni ileile ilipotoa meli nyingine mpya, Norwegian Breakaway, mwaka 2013, ilirudia desturi ya kale: choo, bafu na beseni katika chumba kimoja chenye mlango usioonyesha ndani. Kwa hiyo hata watu wa Ulaya na Marekani, ambao sisi hupenda kusema hawana haya, waliutaka mlango wao urudishwe.

Nirudi kwa mama mkwe. Jioni ile nilidhani mambo yametengemaa, maana hakusema neno. Mezani aliacha bilauri yake imejaa maji. Usiku hakuamka hata mara moja. Asubuhi nilimsikia akijisogeza kitandani kwa taabu, nikamwuliza kama anataka kwenda haja, nitoke nje. Akasema, "La, mwanangu, sina haja." Chai akaionja tu. Nami, Mungu anisamehe, nilishukuru moyoni kwamba mama hasumbui.

Meli ilitia nanga Genoa, nchini Italia, na shemeji akatuongoza mjini. Jua la Julai lilikuwa kali, na vichochoro vya mji ule vimejaa ngazi. Tulipokuwa tunapanda ngazi moja, mama mkwe akashika ukuta, akaketi chini polepole, midomo imemkauka, macho hayamtazami mtu. Watoto wakaanza kulia. Tulimpepea, tukamnywesha kidogokidogo, kisha tukamrudisha melini kwa teksi. Mwuguzi wa meli akampima akauliza swali moja: tangu jana amekunywa maji kiasi gani? Hakuna aliyejibu. Mama mkwe akatazama pembeni. Hapo ndipo nilipotambua kuwa alikuwa amejinyima maji makusudi, tangu Jumapili mchana, ili asikiingie kile chumba cha kioo mbele yangu.

Shemeji alipotoka kwenda kuwatuliza watoto, mama alinishika mkono. "Usimwambie mwanangu sababu," akasema. "Amejinyima kwa ajili yangu. Atadhani sikushukuru."

Basi nikabaki baina ya mambo mawili. Nikinyamaza, mama ataendelea kujiua kwa kiu. Nikisema, nitamvunja moyo shemeji na kumfedhehesha mama mbele ya mwanawe. Nikaamua kulitengeneza jambo lenyewe bila kulitangaza. Nilikuwa na vitenge viwili vizito sandukuni. Nikamtafuta yule mtumishi wa vyumba, kijana wa Indonesia, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba nataka kuziba kioo. Hakucheka wala hakuuliza mengi. Akagonga ukuta kwa kidole, ukalia kama bati. Kuta za vyumba vya meli nyingi ni za chuma, akanieleza, basi kinachotakiwa ni sumaku. Akaleta nne zenye ndoano. Tukatundika kitenge kimoja juu ya kiambaza na kingine mlangoni, mbali na taa na mbali na kile kifaa cha darini kinachonusa moshi, ambacho haifai kukifunika kamwe.

Halafu nikaweka utaratibu. Nilimwambia mama kwamba kila siku alfajiri na jioni nitatoka kwenda sitahani kwa nusu saa, kutazama bahari. Hakuna aliyetaja choo. Niliporudi siku ya kwanza nilibisha hodi, ingawa ufunguo nilikuwa nao mkononi, nikangoja. Kwa ndani nikasikia, "Karibu, Mama Asha." Sauti ilikuwa ileile ya nyumbani Buyenzi. Juu ya meza, chupa ya maji ilikuwa tupu.

Usiku wa tatu, taa zimezimwa na meli inayumba kidogo, aliniita. "Umelala?"

"Bado, mama."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema maneno ambayo naandika leo kwa idhini yake, kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje. Alisema kwamba tangu alipomzaa mume wangu, uzazi wake wa mwisho, mkojo haumsubiri. Akicheka, akikohoa, akiinua ndoo, unamponyoka. Miaka zaidi ya thelathini amekuwa akifua nguo zake mwenyewe usiku, na nilidhani ni ukaidi wa wazee wasiotaka kuhudumiwa. Hakumwambia mumewe hadi alipofariki. Hakumwambia daktari. "Kile kioo," akasema, "kingenitangaza."

Kuna methali tuliyokuwa tukiwafundisha watoto darasani: mficha uchi hazai. Niliifundisha miaka sita nikiamini naielewa. Maana yake, nikisema, ni kwamba mtu asiyeeleza shida yake hapati msaada. Ni kweli. Lakini usiku ule niliiona sehemu nyingine ya methali hiyo. Uchi unaozungumzwa humo ni ule ambao mtu mwenyewe huufunua, kwa yule amtakaye, wakati autakao. Hausemi kwamba uanikwe. Mama mkwe alikaa siku nzima mbele ya kioo akazidi kufunga kinywa. Tulipoziba kioo kwa kitenge, kinywa kikafunguka.

Nilimwambia nilichokijua, kwamba maradhi yale si aibu wala si adhabu ya uzee, na kwamba wanawake wengi huyapata baada ya kuzaa. Tuliporudi nyumbani nilimpeleka hospitali. Daktari alimfundisha mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, akampangia matibabu, na hali yake sasa ni nafuu, ingawa hajapona kabisa. Shemeji bado anadhani mama alizidiwa na jua la Genoa. Kama anasoma gazeti hili, basi leo amejua, na mama amesema na ajue.

Siku za mwisho za safari, mama alichangamka. Akawasimulia wajukuu habari za Liemba. Yeye ni mzaliwa wa Kigoma, na alipokuwa msichana, kabla ya kuolewa huku Bujumbura, alisafiri kwa meli hiyo hadi Kasanga kumwona shangazi yake. Alilala daraja la tatu, juu ya magunia ya dagaa, na choo kilikuwa cha ujiani, cha kungojea zamu. "Lakini kilikuwa na mlango wa kufunga," akasema. "Sisi wa magunia tulikuwa na komeo, ninyi wa mataa mna dirisha." Watoto wakacheka hadi machozi, naye akacheka nao.

Nikaona ajabu ya mambo nilipoisoma historia ya chombo kile. Liemba iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli. Iliingizwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikainuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Kiwanda hichohicho cha Papenburg, miaka mia moja baada ya kuunda Liemba, ndicho kilichounda ile Norwegian Breakaway iliyorudisha mlango wa bafu.

Ningependa kumaliza hapa, lakini nitakuwa nimewaficha sehemu inayonihusu mimi. Niliporejea ofisini nilikuta mezani rundo la taarifa za majengo ya shule. Katika fomu ile kuna mstari usemao: vyoo. Na kwa miaka yote niliyokaa pale, nimekuwa nikiangalia kama mkuu wa shule ameandika "vipo", nikatia tiki, nikafunua ukurasa. Siku ile kalamu ilikataa. Nikakumbuka shule moja niliyoitembelea kabla ya safari, ambako milango ya vyoo vya wasichana ilikuwa imeng'oka, na mwalimu akaniambia kwa kulalamika kwamba wasichana wakubwa hawanywi maji kutwa, na wengine huenda nyumbani wakati wa mapumziko wasirudi. Niliandika katika daftari langu: wasichana watoro. Vyoo nikaandika: vipo.

Mama mkwe wangu alivumilia mlango mbovu siku moja na nusu akaanguka ngazini. Wale watoto huvumilia kila siku ya shule, nami niliwaita watoro.

Nilirudi kule. Sikwenda na fedha, maana sina mamlaka ya fedha. Nilikwenda na maneno tu. Tuliitisha kikao cha wazazi, na fundi seremala mmoja, ambaye binti yake anasoma pale, akajitolea kazi. Wazazi wakachanga mbao na bawaba. Milango mitatu ikapachikwa, yenye komeo kwa ndani. Mitatu si mingi kwa shule ile. Katika fomu zangu sasa nimeongeza kwa mkono mstari mmoja ambao haukuchapwa: milango ipo? Wakubwa wangu hawajaukataza, wala hawajauchapa. Nitaendelea kuuandika.

Kwa msomaji atakayejaliwa kusafiri kwa meli, au hata kulala hoteli mpya, maana nazo zimeanza mtindo huu wa vioo, nina nasaha chache. Kabla ya kulipa, omba mchoro wa chumba na uulize waziwazi: mlango wa bafu ni wa nini, na je, unafungwa kwa ndani? Ukisafiri na mzazi, mkwe au mtoto mkubwa, liseme hilo mapema, usilionee haya. Chukua kitenge kizito na sumaku chache zenye ndoano. Pangeni zamu ya kutoka na kuingia, bila kusubiri mtu aombe. Na ukimwona mwenzako hanywi maji, usishukuru kwamba hasumbui, kama nilivyoshukuru mimi. Tafuta sababu.

Na kwa msomaji asiyetarajia kupanda meli yoyote, jioni ya leo tazama mlango wa bafu la nyumba yako. Kama ni bati lililotoboka, au gunia, au pazia linalopeperuka, jiulize ni nani nyumbani humo anayengoja giza ndipo aende. Kwetu Buyenzi tumeweka komeo jipya, kwa ndani, kimo cha mkono wa mtu anayeumwa magoti. Liligharimu kidogo kuliko kilo ya nyama.